Huduma ya chavua ya MeteoSwiss: namba nzuri, ila zisome kwa mwinuko

Tunachokitathmini: vipimo na utabiri wa chavua, ule unga wa maua unaopeperushwa hewani, vinavyotolewa na MeteoSwiss, ofisi ya hali ya hewa ya serikali ya shirikisho ya Uswisi.
Bei: bure.
Lugha: Kijerumani, Kifaransa, Kiitaliano na Kiingereza.
Alama: 4 kati ya 5 kwa anayeishi mjini au bondeni, 3 kati ya 5 kwa anayeishi, anayefanya kazi au anayefanya mazoezi juu ya mita 1,500.

Mtu akihama Mwanza au Mombasa kwenda kuishi Geneva au Zürich, anaweza kupita miaka miwili mitatu bila shida yoyote. Kisha Aprili moja pua inaanza kuchuruzika maji, macho na kaakaa vinawasha, chafya zinakuja kumi kwa mpigo, naye anadhani ni mafua yaliyokataa kuisha. Mwili huhitaji misimu kadhaa ya kukutana na chavua ngeni kabla ya kuanza kuipinga, ndiyo maana tatizo huchelewa kujitokeza. Huo ndio mzio, au aleji. Hata aliyekuwa na mzio wa nyasi kule Limuru asichukulie kwamba anakutana na adui yuleyule: nyasi za Ulaya, kama timothi na raigrasi, ziko tawi jingine la ukoo wa nyasi, mbali na nyasi ya kikuyu au ya Bermuda, na mzio wa hizi haumaanishi lazima mzio wa zile. Kutofautisha na mafua ya kawaida si kazi ngumu. Kwenye mzio hakuna homa, kamasi ni maji matupu, kuna kuwashwa, na hali inabadilika saa kwa saa kufuatana na hewa ya nje. Hilo la mwisho ndilo linaloipa huduma hii thamani yake.

Mashine yenyewe

Zamani chavua ilipimwa kwa mtego wa Hirst, uliobuniwa mwaka 1952 na bado unatumika sehemu nyingi za dunia. Unavuta lita 10 za hewa kwa dakika, punje zinanasa kwenye utepe wenye gundi unaosogea milimita 2 kwa saa, na baada ya wiki mtaalamu anautoa utepe, anaukata na kuhesabu punje moja moja kwenye hadubini. Kazi ni ya uhakika, lakini matokeo yalikuwa yanatoka siku nyingi baada ya mgonjwa kumaliza chafya zake. Kwa utafiti inafaa. Kwa kuamua kama leo ufungue dirisha, haifai.

Tangu 2023 Uswisi ina mtandao wa vituo 15 vinavyojiendesha vyenyewe. Kifaa kinachotumika ni SwisensPoleno, kilichoundwa hukohuko Uswisi. Kinavuta lita 40 za hewa kwa dakika, kila chembe inapigwa picha mbili za hologramu ikiwa bado inaruka, kinapima pia jinsi chembe hiyo inavyong'aa ikimulikwa, na programu iliyofundishwa kwa mifano inaamua ni chavua ya mmea gani. Matokeo hutoka kila saa. Hili ni badiliko kubwa, na linastahili alama nyingi kati ya zile tulizotoa.

Mtandao ulianza na aina saba, na ni vizuri ukayajua majina yake kama utakavyoyakuta kwenye ramani. Kwa Kijerumani ni Hasel, Erle, Esche, Birke, Buche, Eiche na Gräser; kwa Kifaransa ni noisetier, aulne, frêne, bouleau, hêtre, chêne na graminées. Hasel ni mti wa zile njugu zinazowekwa kwenye chokoleti, Eiche ni mwaloni, Gräser ni nyasi. Hiyo mingine haina jina lililozoeleka kwa Kiswahili, na haina haja: dukani, kwa daktari na kwenye ramani utaambiwa kwa jina la huko.

Kwa wengi wenye mzio wa msimu, mawili ndiyo muhimu: Birke mwezi Aprili, na nyasi kuanzia Mei. Kama unawashwa midomo na koo ukila tufaha bichi, karoti mbichi au njugu za Hasel, lakini tufaha lililopikwa halikudhuru, mshuku Birke, maana protini ya chavua yake inafanana na ya vyakula hivyo. Na ule unga wa njano unaofunika magari na kuelea ziwani mwezi Mei ni wa misonobari na jamaa zake. Punje zake ni kubwa, zikirundikana zinaonekana kwa macho, na ni nadra zikaleta mzio. Watu huulaumu kila mwaka, wakati mkosaji haonekani.

Kuzisoma namba bila kujidanganya

Namba ni idadi ya punje katika mita moja ya ujazo ya hewa. Kwa nyasi, Uswisi inaita kiwango kikali kuanzia punje 50. Kwa Birke, kikali kinaanzia punje 70. Kosa la kwanza la watumiaji liko hapa: viwango hivyo vilipangwa kwa wastani wa saa 24, kwa sababu mtego wa zamani ulihesabiwa kwa siku. Kifaa kipya kinatoa namba ya kila saa, na saa moja inaweza kuruka hadi 150 wakati siku nzima imeishia 40. Ukiichukua namba ya saa ukaiweka kwenye ngazi ya siku, utaona nyekundu kila mahali na utaacha kuiamini huduma. Namba ya saa itumie kujua saa ipi utoke na ipi ufungue madirisha. Wastani wa siku utumie kuamua dawa.

Kuna kanuni ya zamani ya nchi zinazosema Kijerumani: mjini fungua madirisha kati ya saa 12 na saa 2 asubuhi, shambani fungua kuanzia saa 1 jioni. Msingi wake ni kwamba nyasi humwaga chavua asubuhi, hewa yenye joto huipandisha juu na kuipeleka mjini, na jioni hewa ikipoa chavua hushuka. Kanuni ni nzuri tambarare. Milimani inavunjika mara kwa mara, kwa sababu mchana upepo hupanda bonde na usiku hushuka, ukibeba kilichomwagwa kwingine. Kituo chenye namba za kila saa kinakuwezesha kuipima kanuni hiyo mahali unapoishi. Angalia siku tano mfululizo zisizo na mvua, andika saa mbili za chini kabisa, na hizo ndizo saa zako za kufungua madirisha kwa wiki hiyo.

Kosa la pili ni kusahau kwamba vituo viko juu ya mapaa. Paa ni mahali pazuri pa kujua hewa ya eneo zima, kwa sababu hakuna kichaka kimoja kinachotawala hesabu. Lakini pua yako iko chini. Ukipita kando ya konde la majani ya mifugo linalochanua, au linalokatwa mchana huo, unachovuta ni mara nyingi zaidi ya kilichoandikwa kwenye simu. Malisho ya asili ambayo mkulima hulipwa ruzuku kuyatunza hayaruhusiwi kukatwa kabla ya 15 Juni bondeni, na milimani kabla ya 1 Julai au 15 Julai kutegemea ukanda. Yaani yanaachwa yachanue hadi mwisho. Kwa vipepeo ni neema. Kwa mwenye mzio, ni makonde ya kuzungukwa kwa mbali.

Mwinuko ndio kalenda

Hapa ndipo huduma inapomwachia mtumiaji kazi ambayo ingepaswa kuifanya yenyewe. Ukipanda mita 100, mimea huchelewa kuchanua kwa takriban siku 3. Zürich iko karibu mita 400 juu ya usawa wa bahari, Davos karibu 1,560. Tofauti inakaribia mita 1,150, kwa hiyo siku 35 hivi. Ndiyo maana nyasi hufikia kilele tambarare kati ya mwisho wa Mei na katikati ya Juni, na Davos ni mwishoni mwa Juni na Julai.

Jambo hilo lina faida ambayo watu wachache huitumia. Mei ikikubana tambarare, panda juu ya mita 1,800: nyasi za huko bado fupi. Julai usikimbilie huko tena ukidhani mlima ni hewa safi siku zote, kwa maana sasa malisho ya juu ndiyo yanayochanua na ya chini yameshakatwa. Kwa ujumla chavua ni kidogo kadiri unavyopanda, hasa juu ya mita 2,000, na msimu ni mfupi. Davos imejijengea jina kwa hilo na kwa jingine: hewa yake ni kavu mno kwa utitiri wa vumbi la nyumbani, hivyo mwenye mizio yote miwili hupumzika maradufu.

Tatizo ni kwamba kati ya vituo 15, Davos peke yake ndiyo iliyo juu ya mita 1,500. La Chaux-de-Fonds, katika milima ya Jura, iko karibu mita 1,000. Vingine viko chini: Basel, Bern, Buchs, Geneva, Lausanne, Locarno, Lugano, Luzern, Münsterlingen, Neuchâtel, Payerne, Visp na Zürich. Kwa nchi ambayo zaidi ya nusu ya ardhi yake ni Alpi, hilo ni pengo. Ramani ya utabiri inalijaza kwa hesabu za kompyuta, na hesabu hizo zinajua umbo la milima, lakini hesabu si kipimo.

Mfano ulio wazi ni St. Moritz, mita 1,800, mahali ambapo wakimbiaji wa Kenya na wa nchi nyingine hupiga kambi wakati wa kiangazi. Kituo cha karibu kwenye ramani ni Davos, na mtu yeyote angekitazama hicho. Lakini kati ya Davos na bonde la Engadin, St. Moritz ilipo, kuna ukuta wa milima, na bonde la juu la Engadin lina tabia ya pekee: mchana upepo wake haupandi bonde kama mahali pengine, unashuka kutoka Maloja, njia ya mlimani iliyo juu ya bonde, ukivuta hewa ya upande wa Italia. Hewa ya alasiri ya St. Moritz ina uhusiano zaidi na kusini kuliko na Davos. Kwa hiyo kocha aliye huko atazame Davos kujua hatua ambayo nyasi za mwinuko huo zimefikia, kisha atazame Lugano na Locarno kujua kinachoweza kuletwa na upepo. Mazoezi ya kasi yapangwe asubuhi, kabla upepo wa Maloja haujaanza.

Upepo wa Föhn ni wa kuangaliwa vivyo hivyo. Ukivuka Alpi kutoka kusini mwezi Machi au mwanzoni mwa Aprili, unaweza kuleta chavua ya Birke kaskazini wakati miti ya kaskazini bado imefumba. Ukiona namba imepanda Luzern au Buchs na miti ya mtaani kwako haijachanua, usidhani mashine imeharibika.

Yapo pia mambo mawili ya Erle yanayowachanganya watu. La kwanza: kuna Erle ya mseto iliyopandwa kando ya barabara za miji, nayo huchanua karibu na Krismasi, kwa hiyo chavua ya Desemba si hitilafu. La pili: kwenye miteremko ya juu, mahali ambapo maporomoko ya theluji hayaruhusu misitu mikubwa kusimama, kuna vichaka vya Grünerle vinavyochanua Mei na Juni. Mwenye mzio wa Birke au Erle anayepanda mlima mwezi huo akidhani miti imemaliza, anakutana nayo upya. Huduma inazihesabu Erle zote kama kitu kimoja.

Ambayo haikuambii

Kwenye ile orodha ya saba hakuna Beifuss wala Ambrosia. Beifuss ni gugu la Julai na Agosti, linalopenda mabonde makavu ya Valais, eneo la Visp. Ambrosia, gugu pia, ni tishio la Agosti na Septemba huko Ticino, jimbo la kusini, na sehemu kubwa ya chavua yake inaletwa na upepo kutoka tambarare za Italia kaskazini. Anayeugua Agosti wakati ramani ya nyasi imetulia asihitimishe kwamba hana mzio. Apimwe damu au ngozi kwa magugu hayo mawili.

Programu inayotambua punje nayo hukosea. Hasel, Erle na Birke ni wa ukoo mmoja na punje zao zinafanana, kwa hiyo siku ambazo misimu yao inaingiliana, usiamini haraka namba ya mmoja ikipanda na ya mwingine ikishuka. Punje mbili tatu nje ya msimu zipuuze. Kinachohesabika ni namba inayopanda kwa saa kadhaa, ikionekana kwenye vituo viwili vya karibu.

Huduma haikupi ushauri wa dawa, na ni sawa isikupe. Kwa habari za kitabibu kuna aha!, kituo cha mizio cha Uswisi. Lakini kalenda ya chavua haina maana kama haibadilishi saa ya kumeza dawa. Dawa ya steroidi ya kupuliza puani haifanyi kazi yake yote siku ya kwanza. Huhitaji siku kadhaa, hata wiki mbili. Ianze wiki mbili kabla ya msimu wako, na msimu wako uhesabu kwa mwinuko wa mahali unapolala. Elekeza mdomo wa chupa upande wa nje, kuelekea jicho, kamwe si kwenye ukuta wa katikati ya pua, maana hapo ndipo damu inapotoka. Tumia mkono wa kulia kwa tundu la kushoto na wa kushoto kwa tundu la kulia, na mwelekeo utajiweka wenyewe. Usivute kwa nguvu, vinginevyo dawa inaishia kooni.

Vidonge visivyoleta usingizi sana, kama setirizini miligramu 10 au loratadini miligramu 10, mara moja kwa siku, hutuliza chafya na kuwashwa vizuri kuliko vinavyofungua pua iliyoziba. Dawa za kuzibua pua papo hapo, zenye zailometazolini, zisizidi siku tano hadi saba. Zikizidi, pua huziba zaidi kuliko mwanzo, na mtu anaendelea kupuliza akidhani ni chavua. Kosha nywele kabla ya kulala, na nguo za nje zisiingie chumbani.

Mwanariadha ana la ziada. Steroidi ya puani kwa kipimo cha kawaida inaruhusiwa. Ya vidonge au sindano hairuhusiwi wakati wa mashindano. Vidonge vingi vya mafua vina pseudoefedrini, ambayo imepigwa marufuku wakati wa mashindano ikizidi mikrogramu 150 kwa mililita ya mkojo. Soma kasha zima kabla ya kununua.

Onyo moja halionekani kwenye rangi za ramani. Mvua ndefu husafisha hewa, lakini dakika za mwanzo za radi na mvua kubwa katika msimu wa chavua ya nyasi ni hatari. Punje zikilowa hupasuka, vipande vidogo hupita pua na kufika mapafuni. Melbourne, Australia, tarehe 21 Novemba 2016, dhoruba ya namna hiyo ilijaza hospitali wagonjwa wa pumu na watu 10 wakafariki. Ukiona namba ya nyasi iko juu na ngurumo zinatabiriwa jioni, ingia ndani na ufunge madirisha kabla ya tone la kwanza. Mwenye pumu awe na dawa yake ya kuvuta mkononi. Kifua kikibana na dawa isisaidie, piga 144, namba ya ambulensi ya Uswisi.

Kwa kulinganisha, Bavaria, jimbo la kusini mwa Ujerumani, ina ePIN, mtandao wa vituo 8 vinavyojiendesha, kimojawapo Garmisch-Partenkirchen chini ya milima. Hutoa matokeo kila saa 3, bure pia. Aliye mashariki mwa Uswisi, upande wa St. Gallen kwa mfano, afungue zote mbili. Ya Uswisi inashinda kwa kasi na kwa wingi wa vituo. Kinachoipunguzia alama ni kukosekana kwa kituo Engadin na kingine kwenye milima ya Valais. Siku vikiwekwa, ile 3 ya watu wa milimani tutaipandisha.